Fani ya Kipa: Kuusoma Usiku wa Torino

Mwaka 1995 posta ya Sweden ilitoa stempu yenye penalti ndani yake. Peter Forsberg anaonekana akiwa ameshapita upande mmoja wa goli, mkono mmoja tu umebaki kwenye gongo, na kisahani kinateleza kuelekea upande ambao kipa ameuacha wazi. Mkwaju huo ulipigwa Lillehammer, Februari 1994, katika fainali ya Olimpiki dhidi ya Kanada, siku Sweden ilipopata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika hoki ya barafuni. Kipa aliyefungwa, Corey Hirsch, hakutaka sura yake itumike, kwa hiyo jezi yake ikapakwa buluu na namba ikabadilishwa. Lakini Forsberg alipofunga mechi haikuwa imekwisha. Mkanada Paul Kariya alikuwa bado hajapiga wake, na aliyemzuia ni Tommy Salo, kipa wa Sweden. Dhahabu ilithibitika kwa Salo. Stempu haina Salo.

Ninaanza na stempu hiyo kwa sababu inaonyesha waziwazi jinsi penalti inavyosomwa na wengi. Mfungaji ndiye mhusika mkuu, na kipa ni mandhari tu, kiasi kwamba hata rangi ya nguo yake inaweza kubadilishwa na maana ya picha isitikisike. Miaka 12 baada ya Lillehammer wanawake wa Sweden walicheza nusu fainali ya Olimpiki iliyoishia kwenye penalti, na usomaji huo hauwezi kabisa kuubeba usiku wao. Kim Martin, kipa aliyekuwa na umri wa miaka 19, aliubadilisha mchezo ule ukawa hadithi ya kipa tangu mwanzo hadi mwisho. Maria Rooth, mfungaji, alifunga mara zote zilizohitajika. Wawili hawa walishika ncha mbili za kazi ileile, lakini vyombo tunavyotumia kuwakumbuka wachezaji vimetengenezwa kwa ajili ya ncha moja.

Kwa msomaji ambaye barafu si mazingira yake, maumbo ya mchezo ni haya. Kila timu ina wachezaji watano wanaoteleza na kipa mmoja. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Kinachopigwa ni kisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha takriban sentimita 7.6 na uzito usiozidi gramu 170. Goli lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, dogo sana ukililinganisha na la kandanda, na kipa mwenye kinga zake pana analiziba sehemu kubwa. Katika hoki ya wanawake ya kimataifa wakati ule, kumgonga mpinzani kwa mwili ili kumwondoa njiani kulikatazwa. Sheria hii ina uzito katika uhakiki huu. Mahali ambapo beki wa kiume angemwangusha mshambuliaji, beki wa kike ilimpasa kumsukumia pembeni kwa kusimama mahali sahihi na kutumia gongo. Matokeo yake ni kwamba mashuti mengi hufika golini, na mzigo wa ulinzi unamhamia mtu wa mwisho.

Sasa tarehe 17 Februari 2006, Palasport Olimpico, Torino. Marekani ilikuwa haijawahi kushindwa na taifa lolote katika mashindano makubwa ya wanawake isipokuwa Kanada. Kikosi chake kilikuwa na Angela Ruggiero, Krissy Wendell, Natalie Darwitz na Jenny Potter. Sweden ilikuwa imetoka kufungwa 8–1 na Kanada katika hatua ya makundi. Kristin King na Kelly Stephens wakaipa Marekani uongozi wa 2–0, na hadi hapo hadithi ilikuwa ileile ya siku zote, ya kupanda ngazi moja kuelekea fainali iliyokwisha kuandikwa.

Rooth akafunga katika kipindi cha pili, kisha dakika chache baadaye akafunga tena. Goli la pili ndilo lenye fani ya kusimamisha pumzi, kwa sababu lilipatikana Sweden ikiwa pungufu kwa mchezaji mmoja. Katika hoki, timu iliyo pungufu hufanya kazi moja: kujikusanya mbele ya goli lake, kuziba njia za mashuti, kukitoa kisahani mbali kila kinapopatikana, na kungoja saa iende. Kushambulia katika hali hiyo ni kukubali kwamba ukipokonywa utaachwa wazi nyuma. Lakini timu yenye mtu wa ziada nayo hujisahau, kwa kuwa wote watano wanafikiri mbele. Rooth aliuona mwanya huo. Mshambuliaji mwenye kasi na mikono mizuri yuko kila nchi inayocheza hoki. Yule anayetambua kwamba udhaifu wa mpinzani unazaliwa palepale penye nguvu yake ni adimu zaidi.

Hapo wasimulizi wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye penalti. Mimi nasema uzito wa usiku ule uko katika sehemu wanayoiruka. Kipindi chote cha tatu hakikuwa na goli, wala muda wa nyongeza. Katika mechi nzima Marekani ilipeleka mashuti 39 golini, Sweden 18. Martin aliokoa 37. Ukitaka kuelewa fani ya kipa, usitafute dakika ambazo kitu kilitokea. Kila shuti lililookolewa ni tukio lililozuiwa lisizaliwe, na taharuki inajengwa na vitu visivyotokea. Mshambuliaji anahitaji sekunde moja nzuri katika saa nzima. Kipa anahitaji kila sekunde, na kosa lake moja linaandikwa kwa taa nyekundu nyuma ya goli.

Fani hiyo ina sarufi yake. Kipa wa kisasa hupiga magoti kwa pamoja na kuzitandaza kinga za miguu pande mbili ili kuziba chini ya goli yote, akiiachia mikono kazi ya juu. Lakini kupiga magoti ni mwisho wa sentensi. Kabla ya hapo kuna kusogea mbele, kutoka kwenye mstari wa goli, ili yule anayekuja aone goli likipungua kila anapokaribia. Kisha kuna swali la kisahani kinachorudi. Kipa anayekitema mbele ya miguu ya adui ameokoa shuti la kwanza na kuliandaa la pili. Anayekidaka, au anayekielekeza kwenye kona, amefunga mazungumzo. Timu inayoshambuliwa kwa uwiano wa zaidi ya mbili kwa moja haiwezi kufika penalti kama kipa wake anatema hovyo. Kwa hiyo ninaposoma 37 juu ya karatasi ya matokeo sioni tu idadi ya mashuti yaliyookolewa. Naona pia mashuti ambayo hayakupigwa, yale ya pili na ya tatu ambayo yangezaliwa kutoka katika yale 37 na hayakuzaliwa.

Kisha penalti. Hii ni fani tofauti kabisa na mechi iliyotangulia, na ni tofauti pia na penalti ya kandanda. Mpigaji haweki kitu chini na kukipiga kikiwa kimetulia. Anaanzia katikati ya uwanja na kisahani kwenye gongo, anakuja kwa kasi anayoitaka na kwa njia anayoitaka, na kipa anamtazama akija. Kuna muda wa kudanganyana. Mpigaji anauliza swali kwa bega, kwa macho, kwa kubadilisha upande wa gongo, na anangoja kipa ajibu kabla yake. Kipa anayetangulia kujibu amekwisha. Nguvu ya kipa hapa ni kukataa kusema. Uwanja uliojaa watu kumi na wawili unabaki na wawili, na kwa mara ya kwanza katika mechi kipa na mfungaji wanasimama na uzito sawa mbele ya macho ya wote.

Wamarekani wanne walikuja, na hakuna hata mmoja aliyefunga. Kwa upande wa Sweden, Pernilla Winberg alifunga, na Rooth akaja kuugongomea msumari wa mwisho. Winberg alikuwa na miaka 16, na alibakiza wiki moja tu kutimiza 17. Kalenda ya timu hii inashangaza: Martin naye amezaliwa tarehe 28 Februari, na Olimpiki ya majira ya baridi huangukia mwezi huohuo, kwa hiyo mara zote mbili alizoirudisha Sweden nyumbani na medali ilikuwa siku chache kabla hajaongeza mwaka. Mara ya kwanza ni Salt Lake City, 2002, alipokuwa langoni katika mechi ya kugombea shaba ambayo Sweden iliishinda Finland 2–1. Alikuwa na miaka 15. Waliozungumzia kipaji kilichochipuka Torino hawakuwa wamesoma sura ya kwanza.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe, maana kila kumbukumbu rasmi ni maandishi, na maandishi yana umbo. Matokeo yanasomeka 3–2. Magoli mawili ya penalti, la Winberg na la Rooth, yamekunjwa yakawa moja, kama kanuni inavyotaka. Haya yanaeleweka. Lakini tazama upande wa Martin. Idadi yake ni 37, yaani 39 kutoa 2. Penalti nne hazimo. Hazihesabiwi kama mashuti, hazihesabiwi kama uokoaji, hazina safu. Matendo manne yaliyoamua nusu fainali ya Olimpiki, na ambayo pengine ndiyo yanayokumbukwa zaidi na kila aliyeitazama, yako nje ya hesabu ya kazi yake. Karatasi inaweza kutuambia nani alifunga, dakika gani, na nani alimpasia. Haina lugha ya kusema kwamba mchezaji fulani aliwafanya wenzake wakose.

Magazeti yalikuwa na lugha, lakini yalichagua neno rahisi: muujiza. Lilitokana na ushindi wa vijana wa Marekani dhidi ya Umoja wa Kisovieti mwaka 1980 huko Lake Placid, ushindi ambao Marekani imeukumbuka kwa jina hilo tangu wakati ule, na watu wakaona utamu katika kuwageuzia Wamarekani hadithi yao wenyewe. Naupinga usomaji huu, na naupinga kwa moyo wote. Muujiza hauna mtendaji. Unamshukia mtu akiwa amesimama tu. Ukisema ilikuwa muujiza, umewaondolea wanawake wale kazi yao na kuikabidhi mbingu.

Mtendaji alikuwapo, na njia aliyopitia inajulikana. Rooth, aliyezaliwa Ängelholm mwaka 1979, alikwenda Chuo Kikuu cha Minnesota huko Duluth mwaka 1999, wakati kocha Shannon Miller, aliyekuwa ameifundisha Kanada katika Olimpiki ya 1998, alipokuwa akiijenga timu mpya kwa kuchota wachezaji kutoka Ulaya. Msweden mwenzake Erika Holst alikuwa naye. Michuano ya kitaifa ya vyuo kwa hoki ya wanawake ilipoanza mwaka 2001, Duluth ilichukua ubingwa wa kwanza, ikauchukua tena 2002, na tena 2003, mara hii kwa 4–3 dhidi ya Harvard baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Rooth alichaguliwa mchezaji bora wa fainali za 2001. Jenny Potter alikuwa mwenzake katika jezi ya Duluth kabla hawajakutana Torino wakiwa wapinzani. Kwa hiyo wakati Wamarekani walipoingia kwenye barafu siku ile wakidhani wanacheza na timu wanayoijua, ni Rooth na Holst waliokuwa na elimu ya kina kuhusu upande wa pili. Walikuwa wamekula, wamesafiri na wamefanya mazoezi pamoja na mchezo wa Marekani kwa miaka minne. Goli lile la wakati wa upungufu lilikuwa na historia ndefu nyuma yake.

Fainali ya tarehe 20 Februari niipite haraka, kwa sababu kifani haina jipya: Kanada 4, Sweden 1, goli la Sweden likifungwa na Gunilla Andersson. Medali hiyo ya fedha bado inasimama peke yake. Tangu hoki ya wanawake iingie Olimpiki mwaka 1998, fainali hiyo ndiyo pekee ambayo Marekani na Kanada hazikukutana. Martin alitangazwa kipa bora wa mashindano, na katika kikosi cha nyota kilichochaguliwa na waandishi wa habari walikuwamo yeye na Rooth pamoja. Siku sita baadaye wanaume wa Sweden wakaifunga Finland 3–2 na kutwaa dhahabu, kwa goli la Nicklas Lidström mwanzoni kabisa mwa kipindi cha tatu, na Stockholm ikakusanyika Medborgarplatsen kuwapokea. Siwanyimi wanaume furaha yao. Nasema tu kwamba nchi ilikuwa na kumbukumbu mbili za hoki kutoka mji mmoja na mwezi mmoja, na ile iliyopindua ngazi ya dunia iliwekwa chini ya ile iliyothibitisha kilichotarajiwa.

Mlinganisho unaoniumiza zaidi si huo, bali ule wa kipa na kipa. Mwaka 1998 huko Nagano, Dominik Hašek aliwazuia Wakanada watano katika penalti za nusu fainali ya wanaume, na Wacheki wakaendelea hadi dhahabu. Tazama taifa lile lilivyosoma: mwaka 2004 Jumba la Taifa la Tamthilia huko Prague lilionyesha opera iliyotungwa na Martin Smolka kuhusu mashindano hayo, na jina lake ni Nagano. Ilipatikana fani iliyoweza kumbeba kipa, kwa kuwa watu waliitaka. Hii inabatilisha kisingizio kwamba kazi ya kipa haisimuliki. Inasimulika. Inataka jamii iliyo tayari kukaa kimya na kutazama mtu anayengoja.

Mei 2015, mjini Prague, Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni lilimwingiza Rooth katika Ukumbi wake wa Mashuhuri. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Sweden kupewa heshima hiyo. Katika kundi lilelile la mwaka ule, katika nchi yake mwenyewe, aliingizwa Hašek. Nimefurahi kwa ajili ya Rooth bila kubakiza. Amestahili kwa kila goli na kwa kila mwaka wa kazi hadi alipostaafu baada ya Olimpiki ya 2010. Lakini umbo la siku ile linasomeka: kwa wanaume alisimama mzuiaji, kwa wanawake alisimama mfungaji, na mlango wa Sweden ulifunguliwa kwanza kwa yule ambaye karatasi ilikuwa na safu za kumwandikia.

Heshima za namna hii zikibaki kwa mtu mmoja mmoja, hazizai misingi. Aprili 2019, huko Espoo nchini Finland, timu ya wanawake ya Sweden ilishuka daraja kutoka kundi la juu la dunia, jambo ambalo halikuwahi kuitokea. Agosti mwaka uleule wachezaji wote 43 walioitwa kambini walikataa kwenda, wakidai mazingira bora ya kazi, fidia na maandalizi. Waliirudisha timu kwenye mazungumzo kwa njia pekee iliyokuwa imebaki, yaani kutokuwapo. Nauona mwendelezo kati ya kosa la kusoma na kosa la kutunza. Chama kinachoamini kuwa fedha ya 2006 iliangushwa na mbingu hakina sababu ya kuuliza ilijengwa na nani na kwa gharama gani.

Je, tungemsomaje Martin kwa haki? Kwanza kwa kuzirudisha penalti nne kando ya zile 37, hata kama si katika jumla moja. Kisha kwa kuacha kuutazama usiku wa Torino kama kilele kilichosimama peke yake. Baada ya Olimpiki ile alifuata njia ya Rooth hadi Duluth. Machi 2008 timu yake ilikutana na Wisconsin katika fainali ya vyuo, na Wisconsin walikuwa mabingwa wa miaka miwili iliyotangulia, wakiwa na kipa wao mahiri Jessie Vetter. Duluth ilishinda 4–0. Sifuri hiyo ya upande wa pili ni ya Martin, na mara hii umbo la matokeo lilikubaliana na umbo la kazi: hakuna goli, hakuna penalti za kubaki nje ya hesabu, namba moja safi ambayo hata asiyeijua hoki anaweza kuisoma. Alichaguliwa mchezaji bora wa fainali hizo. Katika orodha ya tuzo hiyo jina la Rooth liko mwaka 2001 na la Martin mwaka 2008, na katikati yao, kwa mwaka 2004 na 2005, wamo Krissy Wendell na Natalie Darwitz.